Redio ya Ridhaa: Sikio Kwanza, Kalamu ya Pili, Mdomo Mwisho

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo na viongozi wa kijiji



Leo tunataka kuzungumza juu ya redio. Lakini siyo redio ile ya kusikiliza taarifa ya habari na muziki. Tunazungumza juu ya redio ya kusema na kujibiwa. Wengi wetu tumeiona. Ipo polisi. Ipo kwenye hifadhi za wanyama. Zamani ilikuwapo kwenye hospitali nyingi za misheni. Wengine wanaiita redio koli, na wazee wanaiita simu ya upepo. Mtu anabonyeza kitufe, anasema maneno yake, anamaliza kwa kusema "Ova", anaachia kitufe, halafu anasikiliza jibu.

Watu wengi wanadhani kwamba chombo hicho ni cha serikali na mashirika makubwa tu. Siyo hivyo. Iko aina moja ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kupewa ruhusa ya kuitumia. Inaitwa redio ya ridhaa. Neno hili ridhaa tunalijua kutoka kwenye michezo. Bondia wa ridhaa hapigani kwa kulipwa. Anapigana kwa kupenda mchezo na kutaka kujifunza. Basi na mtu wa redio ya ridhaa ni hivyo hivyo. Halipwi. Anajifunza, anazungumza na wenzake wa karibu na wa mbali, na siku ya shida anatoa msaada.

Katika mazungumzo haya tutaeleza mambo matatu. Kwanza, redio hii ina faida gani wakati simu zipo. Pili, kwa nini lazima uwe na leseni. Tatu, mtu anaanzaje. Jambo la tatu tumeliweka katika maneno machache ambayo hata mtoto anaweza kuyakumbuka: sikio kwanza, kalamu ya pili, mdomo mwisho.

SIMU TUNAZO. REDIO YA NINI?

Swali hili ni la haki. Siku hizi simu ya mkononi imefika karibu kila kijiji. Lakini tujiulize: simu yako inafanya kazi kwa nguvu ya nini? Sauti yako haiendi moja kwa moja kwa ndugu yako. Inakwenda kwanza kwenye mnara. Mnara unahitaji umeme. Mnara mmoja unaunganishwa na minara mingine na mitambo ya mjini. Mnara ukianguka, au umeme ukikatika kwa siku nyingi, simu yako inabaki kuwa tochi tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga mji wa Beira, nchini Msumbiji. Huo si mji mdogo. Una bandari na uwanja wa ndege. Lakini umeme ulikatika na simu zikanyamaza. Ndugu waliokuwa nje ya Beira walikaa siku kadhaa bila kujua kama watu wao wako hai.

Na sisi hapa kwetu Tanzania tunayajua mafuriko. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, maji yaliingia Kilosa, mkoani Morogoro. Maelfu ya watu walikosa nyumba, na reli ya kati ilikatika. Njia ikikatika, mtu wa kwenda kuomba msaada hawezi kupita. Na kama simu nayo imekatika, hata wale wenye msaada hawajui waupeleke wapi.

Sasa tazama redio ya kusema. Inahitaji nini? Chombo kimoja hapa na chombo kimoja kule. Waya mmoja wa antena hapa na mwingine kule. Betri hapa na betri kule. Basi. Katikati hakuna mnara wala mtambo wa mtu. Betri unaweza kuichaji kwa sola. Ndiyo maana redio hii inabaki kusema wakati vingine vimenyamaza.

Tutoe mfano mmoja wa kweli. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Indonesia. Mawimbi makubwa ya tsunami yaliua watu wengi sana katika nchi nyingi, na yalifika hata kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Visiwa vya Andaman na Nicobar, ambavyo ni vya India, viko karibu na mahali lilipoanzia tetemeko. Mawasiliano ya kawaida yalivunjika.

Kwa bahati, katika mji wa Port Blair huko Andaman kilikuwapo kikundi cha watu wa redio ya ridhaa. Kiliongozwa na mama mmoja aitwaye Bharathi Prasad, kutoka chuo cha redio ya ridhaa cha Hyderabad. Walikuwa wamepata ruhusa ya serikali kuzungumza na dunia kutoka visiwani, na walikuwa wameanza mwezi huo huo. Maafa yalipotokea waliacha mazungumzo ya kawaida. Wakaanza kupeleka na kupokea habari: nani yuko hai, nani anatafutwa, kitu gani kinahitajika.

Ndugu wasikilizaji, tuliangalie jambo hili vizuri. Mama yule na wenzake hawakuanza kutafuta leseni siku ya tsunami. Hawakuanza kufunga antena siku hiyo. Hawakuanza kujifunza kusema siku hiyo. Vyote walikuwa navyo kabla. Siku ya mafuriko siyo siku ya kujifunza kuogelea.

SAUTI INAFIKAJE MBALI?

Wengi mmeona jambo hili nyumbani. Mchana redio yako ya masafa mafupi inapata stesheni hizi. Usiku inapata nyingine za mbali kabisa. Kwa nini?

Redio hutuma mawimbi. Huyaoni kwa macho, lakini yanakwenda mbio sana, kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi mengine yanakwenda moja kwa moja na kuishia nyuma ya mlima. Mawimbi mafupi ya namna fulani yanapanda juu, yanakutana na tabaka la anga lililo kilomita 200 mpaka 400 hivi juu yetu, halafu yanarudishwa chini, kama mpira unaogonga dari. Tabaka hilo linabadilika kwa nguvu za jua. Ndiyo sababu usiku na mchana havifanani.

Na jambo hili halikugunduliwa na matajiri wa redio peke yao. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwaambia watu wa ridhaa watumie mawimbi ya mita 200 kwenda chini. Wakubwa walidhani kwamba mawimbi mafupi hivyo hayana faida. Ni kama kumpa mtu shamba la mawe. Lakini watu wa ridhaa hawakukata tamaa. Walilima shamba lao la mawe. Mwezi Novemba 1923, Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani walizungumza kwa redio na Léon Deloy aliyekuwa Nice, Ufaransa. Walivuka bahari ya Atlantiki kwa wimbi lenye urefu wa nusu hivi ya zile mita 200. Shamba la mawe lilitoa mazao. Baadaye stesheni kubwa za dunia nazo zilihamia kwenye mawimbi mafupi.

Mwaka 1925 watu wa ridhaa wa nchi mbalimbali walikutana Paris na kuunda umoja wao wa kimataifa. Mpaka leo tarehe 18 Aprili ni siku yao duniani kote.

KWA NINI LESENI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Vijana wetu wengine wamekwisha kuona redio ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei nafuu. Mtu ananunua mbili, anampa rafiki yake moja, wanaanza kuongea kutoka shamba hili mpaka shamba lile. Anasema: "Kwani namsumbua nani? Hewa ni ya Mungu."

Hewa ni ya Mungu, kweli. Hata maji ya kisima ni ya Mungu. Lakini kijiji kinaweka utaratibu wa kisima, maana mtu mmoja akinywesha ng'ombe wake hapo atawachafulia wote. Masafa ya redio ni kama kisima. Watu wawili wakisema pamoja juu ya masafa yale yale, hasikiki huyu wala yule.

Nyingi za redio hizo ndogo zinaweza kutuma kuanzia megahezi 136 mpaka 174. Ndani ya nafasi hiyo, watu wa ridhaa katika upande wetu wa dunia wamepewa megahezi 144 mpaka 146 tu. Sehemu nyingine zina wenyewe. Kwa mfano, megahezi 156.8 ni masafa ya kuitana na kuomba msaada kwa vyombo vya majini. Nahodha ambaye meli yake inazama atalia hapo. Sasa fikiri kijana mmoja ameshikilia kitufe, anapiga porojo juu ya mpira. Sauti ya yule nahodha itafunikwa. Kijana hatajua kitu. Atarudi nyumbani, atakula, atalala. Kule majini watu wamekufa.

Hiyo ndiyo sababu ya leseni. Leseni siyo ujanja wa serikali wa kutoza ada tu. Ni ushahidi kwamba mtu huyu amejifunza, anajua mipaka yake, na anajulikana kwa jina.

Katika Tanzania anayesimamia masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo watu wanaiita TCRA. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya wana Mamlaka yao ya Mawasiliano, na Uganda wana Tume yao. Kila nchi ina ofisi yake ya kazi hii. Anayetuma mawimbi bila ruhusa anavunja sheria. Anaweza kunyang'anywa chombo na kupelekwa mahakamani.

Ukipata leseni unapewa jina la mwito. Jina hili ni kama chapa ya ng'ombe. Ukiliona unajua ng'ombe ametoka zizi gani. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X, ya Rwanda 9X, ya Burundi 9U, ya Kongo ya Kinshasa 9Q. Zamani za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya uhuru tulipata chapa zetu wenyewe.

Kwenye redio ya ridhaa jina la mwito ndilo cheo chako. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, aliitwa JY1. Sultani Qaboos wa Oman, aliyefariki Januari 2020, aliitwa A41AA. Walipokuwa hewani walikuwa wanachama kama wengine, na mwalimu wa shule aliweza kuwajibu.

YANAYOKATAZWA

Kabla ya kueleza namna ya kuanza, tukumbuke miiko. Ni minne.

Kwanza, hakuna biashara. Huwezi kutangaza bei ya mahindi yako wala kuita wateja.

Pili, hakuna kutangaza kama stesheni. Usipige muziki, usihutubie watu. Redio hii ni ya mazungumzo kati ya mtu na mtu.

Tatu, hakuna mafumbo ya kuficha maana. Sema lugha ya wazi. Kiswahili kinakubalika kama lugha nyingine yoyote.

Nne, usijifiche. Taja jina lako la mwito mara kwa mara, ili anayesikia ajue ni nani.

HATUA YA KWANZA: SIKIO

Haya, sasa tuanze. Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Anayesikiliza tu hamfuniki mtu sauti, na anajifunza mengi.

Tafuta redio ya masafa mafupi. Lakini angalia jambo moja. Watu wa ridhaa wengi hutuma sauti kwa njia inayoitwa SSB. Ukiisikia kwa redio ya kawaida, sauti inakuwa kama ya bata. Huelewi hata neno moja. Kwa hiyo, chagua redio yenye kitufe kilichoandikwa SSB. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua moja.

Jioni jua likitua, zungusha polepole kati ya megahezi 7.0 na 7.2. Mchana jaribu kati ya 14.0 na 14.35. Usikate tamaa siku ya kwanza. Huu ni uvuvi. Siku nyingine unarudi na kapu tupu.

Hapa ndipo kisomo chetu kinapoanza kufanya kazi. Chukua daftari. Piga mistari mitano. Andika tarehe, saa, masafa, jina la mwito, na jambo ulilosikia. Watu wa redio duniani kote hutumia saa moja ya pamoja, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukisikia mtu saa 2 usiku, kwetu ni 20:00. Toa 3. Andika 17:00. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini bila hiyo huwezi kuelewana na mtu wa India wala wa Ujerumani.

Halafu jifunze herufi za redio. Kwenye redio herufi B, D na P zinachanganya. Kwa hiyo kila herufi ina neno lake: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, na kuendelea mpaka Zulu. Tuchukue jina Kilosa. Mtu wa redio atasema: Kilo, India, Lima, Oscar, Sierra, Alfa. Kila mmoja ajaribu jina la kijiji chake. Watoto wataucheza kama mchezo, nasi tutaujua kabla ya mwezi kwisha.

HATUA YA PILI: KALAMU

Hatua ya pili ni kusoma na kuandika. Usinunue chombo cha kutuma kabla ya hatua hii. Haraka haraka haina baraka. Kuna watu wamenunua chombo kwa pesa nyingi, halafu hakikukubaliwa.

Andika maswali yako kwenye karatasi, kisha uyapeleke ofisi ya mawasiliano iliyo karibu nawe, au upige simu. Ukumbuke kwamba kwenye fomu za Kiingereza redio hii inaitwa "amateur radio". Uliza: Wanataka cheti gani au mtihani gani? Ada ni kiasi gani? Vyombo gani vinakubalika? Nguvu ya kutuma isizidi wati ngapi? Je, kikundi au shule inaweza kupata leseni ya pamoja? Majibu yaandike hapo hapo na uweke tarehe, maana ada na kanuni hubadilika.

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kujieleza yeye ni nani, atakaa wapi na chombo, chombo ni cha aina gani, na ana ujuzi gani. Kwa hiyo weka pamoja kitambulisho, vyeti, na karatasi za chombo.

Mtu atasema: "Mtihani! Mimi nimesoma ukubwani, nitauweza wapi?" Ndugu, usiogope. Tuangalie nchi mbili ambazo mitihani yao inajulikana. Marekani, mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35. Ukipata 26 umepita. Uingereza, daraja la kwanza lina maswali 26. Ukipata 19 umepita. Unapewa swali na majibu manne, unachagua moja. Zamani ilikuwa lazima kujua alama za Morse, zile za nukta na mistari, kabla ya kutumia masafa mafupi. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva uliiachia kila nchi iamue yenyewe, na nchi nyingi zimeondoa sharti hilo.

Maswali yenyewe ni ya sheria, ya usalama, na ya umeme kidogo. Mfano mmoja: betri ni ya volti 12, redio inakula ampea 2. Je, inatumia wati ngapi? Zidisha 12 kwa 2. Jibu ni wati 24. Anayejua kuzidisha kilo za pamba kwa bei anaweza kujua hesabu hii.

Mfano wa pili ni urefu wa antena. Antena nyepesi ya masafa mafupi ni waya wa shaba uliokatwa katikati. Ili upate urefu wake kwa mita, gawa 143 kwa megahezi unazotaka. Kwa megahezi 7.1 unapata mita 20 na kidogo. Ukate mara mbili: mita 10 upande huu, mita 10 upande ule. Katikati unafunga waya unaoshuka kwenye redio. Miti miwili mirefu inatosha kuubeba. Hakuna mnara wa chuma hapo.

Lakini tusikilizane vizuri juu ya usalama. Usipitishe waya huo juu wala karibu na nyaya za umeme. Ukigusa nyaya zile unakufa. Wakati wa radi, chomoa antena kabla mvua haijafika, ukae mbali nayo. Na mtu asiguse waya wa antena wakati unatuma. Unaunguza.

HATUA YA TATU: MDOMO

Leseni umepata. Jina la mwito umepewa. Chombo kimekubaliwa. Sasa unaweza kusema. Lakini hata hapo, sikiliza kwanza. Uliza: "Je, masafa haya yanatumika?" Ngoja. Uliza tena. Kama kimya, unaita "CQ" mara tatu. Maana yake ni kwamba unamwita yeyote anayesikia. Taja jina lako la mwito kwa herufi za redio. Achia kitufe. Sikiliza.

Akijibu mtu, mwambie unavyomsikia kwa namba mbili. Ya kwanza ni kueleweka kwa sauti, 1 mpaka 5. Ya pili ni nguvu yake, 1 mpaka 9. Ukisema 59, maana yake nakupata vizuri sana. Mpe jina lako na mahali ulipo. Mkimaliza, mwambie 73, yaani salamu njema. Wengine hutumiana kadi kwa posta kuwa ushahidi wa mazungumzo. Utakuja kupokea kadi kutoka nchi ambayo hujawahi hata kuiona kwenye ramani.

Jambo kubwa zaidi ni kujifunza kupeleka ujumbe bila kosa. Ujumbe wa shida usiutoe kichwani. Uandike. Nani anapeleka, kwenda kwa nani, saa ngapi, mahali gani, watu wangapi, wanahitaji nini. Usome polepole. Mwenzako auandike, halafu akusomee tena.

Angalieni hatari iliyo katika lugha yetu wenyewe. Neno "sita" na neno "tisa" yanafanana sana kwenye redio yenye kelele. Ukisema, "Wagonjwa tisa," yule anasikia sita. Inakuja dawa ya watu sita. Watatu wanabaki. Njia nyepesi ni kuhesabu: "Wagonjwa tisa. Narudia: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa." Hapo hakuna wa kukosea. Kama umezoea kufanya hivyo katika mazungumzo ya kawaida, siku ya shida ulimi hautatetemeka.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kwamba kila nyumba iwe na redio. Kijiji kimoja kikiwa na watu watatu au wanne wenye leseni, wake kwa waume, kinatosha. Mmoja akisafiri, mwingine yupo. Chombo kinaweza kuwa kimoja, mahali pa juu ambapo maji hayafiki, pamoja na betri na sola.

Tunapendekeza mambo matatu ya kuanza nayo, na hata moja halihitaji chombo cha kutuma. Moja, darasa lijifunze herufi zote za redio. Mbili, kikundi kifungue daftari la kusikiliza. Tatu, mtu mmoja aende ofisi ya mawasiliano na maswali yaliyoandikwa, arudi na majibu yaliyoandikwa, ayasome mbele ya mkutano.

Wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, na watu wengine walituuliza tutasoma ili iweje. Redio ya ridhaa ni jibu moja. Anayeruhusiwa kusema ni yule aliyesoma. Na maji yakijaa mtoni usiku, simu zikanyamaza, kijiji kitamtafuta yule mwenye daftari, kalamu, na jina la mwito.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Njia ya kijiji chetu ikikatika na simu zikizima, leo tungepelekaje habari wilayani?

2. Kwa nini ni hatari mtu asiye na leseni kutuma sauti kwenye masafa ya vyombo vya majini?

3. Umesikia stesheni saa 4 usiku kwa saa yetu. Utaandika saa ngapi kwa saa ya pamoja ya dunia?

4. Antena ya megahezi 14.2 itakuwa na urefu wa mita ngapi? Kila upande utakuwa mita ngapi?

5. Andika ujumbe wa shida usiozidi maneno 25. Msomee mwenzako mara moja tu. Akusomee alichoandika. Je, uko sawa na wako?